Mwenye Heri Niels Stensen: Askofu Aliyeanza kwa Kuchunguza Kichwa cha Kondoo

Ukipitisha ncha ya ulimi ndani ya shavu, mkabala na gego la pili la juu, utagusa kinundu kidogo sana. Hapo ndipo unapofungukia mfereji unaoleta mate kutoka tezi kubwa iliyolala mbele ya sikio. Kila mwanafunzi wa udaktari duniani hulazimika kulikariri jina la mfereji huo, nao unaitwa mfereji wa Stensen. Walio wengi hawajui kwamba mtu huyo alikuwa askofu Mkatoliki, na kwamba Kanisa limemtangaza kuwa Mwenye Heri.

Niels Stensen, ambaye katika maandishi ya Kilatini hujulikana kwa jina la Steno, alizaliwa mjini Copenhagen, nchini Denmark, tarehe 1 Januari 1638 kwa kalenda iliyotumika huko wakati ule. Baba yake alikuwa sonara, tena Mlutheri wa ukoo wenye wachungaji wengi. Tangu akiwa na umri wa miaka mitatu hadi sita mtoto huyo aliugua ugonjwa ambao haukueleweka, akawa hachezi na wenzake bali anakaa ndani na watu wazima, akisikiliza mazungumzo yao juu ya dini. Alipopona baba yake akafariki. Baadaye tauni ikaingia mjini na kuwaua wanafunzi wengi wa shule aliyosoma. Alipoanza masomo ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Copenhagen mwaka 1656, chini ya ulezi wa Thomas Bartholin, mtaalamu mashuhuri wa maumbile ya mwili, haukupita muda majeshi ya Sweden yakauzingira mji, na wanafunzi wakapangwa kulinda kuta. Kijana aliyepita katika hayo yote hakuhitaji kufundishwa kwamba maisha ni mafupi.

Mwaka 1660 alifika Amsterdam. Tarehe 7 Aprili alikuwa peke yake katika chumba alichopewa na mwenyeji wake, daktari Gerard Blasius, akiwa na kichwa cha kondoo alichojinunulia mwenyewe. Alikusudia kuuchunguza ubongo. Kabla ya kufika huko akaamua kufuata kwanza mishipa ya damu ya shavu, na alipokuwa akipitisha kifaa chembamba, ghafla akakiona kikiteleza ndani ya njia asiyoijua, kisha akasikia ncha yake ikigonga jino. Alimwita mwenyeji wake. Mwenyeji alidhani kijana amelazimisha kifaa na kutoboa nyama. Baadaye, alipotambua kwamba ugunduzi ni wa kweli, akadai kuwa ni wake. Ugomvi huo ulidumu miaka kadhaa na ulimuumiza sana Stensen, ambaye hakupenda mabishano. Hata hivyo ugomvi ulileta faida ambayo Blasius hakuikusudia, kwani ili ajitetee, Stensen alilazimika kuzichunguza tezi zote za kichwa, moja baada ya nyingine: za mdomo, za pua, za macho. Ndipo akaonyesha kwamba machozi hayatoki katika ubongo, kama walivyofundisha wazee wa elimu hiyo, bali hutengenezwa na tezi ndogo karibu na jicho, na kazi yake ya kila siku ni kulilowesha jicho lisikauke.

Akiwa Leiden aligeukia moyo. Wataalamu walikuwa wakiuheshimu moyo kama makao ya joto la uhai na hata ya nafsi. Yeye alichemsha moyo wa ng'ombe, akauchambua nyuzi kwa nyuzi, akakuta kwamba ni msuli kama msuli mwingine wowote. Jambo hili lilimtikisa kuliko tunavyoweza kufikiri. Alijiuliza, ikiwa wanafalsafa wakubwa aliowaamini wamekosea juu ya kitu kinachoshikika kwa mkono na kuonekana kwa macho, atawaaminije wanaposema juu ya Mungu na roho, mambo yasiyoshikika? Watu hudhani kwamba sayansi humtoa mtu katika imani. Kwa Stensen ilikuwa kinyume: kisu cha uchunguzi ndicho kilichomwondolea kiburi cha falsafa za siku zake.

Mwaka 1665 alikuwa Paris, katika nyumba ya Melchisédech Thévenot, ambamo watu wa elimu walikuwa wakikutana. Hapo alitoa hotuba juu ya ubongo, na badala ya kujigamba, alianza kwa kuungama mbele ya wasikilizaji wake kwamba juu ya kiungo hicho hajui kitu. Kisha, kwa upole lakini bila kuogopa, alionyesha kwamba maelezo ya Descartes kuhusu kitezi kidogo kilichomo katikati ya ubongo hayalingani na kile kinachoonekana fuvu linapofunguliwa.

Katika mji huohuo aliletewa mwili wa mtoto aliyekufa kabla ya kuzaliwa. Kisa hiki hakitajwi sana katika simulizi za maisha yake, nami naona kinastahili kusimuliwa taratibu.

Mtoto yule hakuwa kama wengine. Mdomo wa juu ulikuwa umepasuka, hali ambayo kwetu huitwa mdomo wa sungura. Vidole vilikuwa vimeungana. Kifua hakikufunga, na moyo ulikuwa nje. Zama zile kiumbe wa namna hiyo aliitwa dubwana. Wengine walisema ni ishara ya ghadhabu ya Mungu. Wengine walimlaumu mama, kwamba aliangalia kitu kibaya, au sungura alimkatiza njiani akiwa mjamzito. Tusiwacheke Wazungu wa karne ya 17. Katika parokia zetu bado wapo akina mama ambao, mtoto akizaliwa na mdomo uliopasuka, huulizwa na mashemeji na majirani walikula nini, walimdharau nani, walikwenda kwa nani. Na wapo waliorudishwa kwao pamoja na mtoto.

Stensen hakumtafuta wa kumlaumu. Alifanya kile alichofanya kwa kichwa cha kondoo: alikifuata kila kitu polepole hadi mwisho wake. Aliona kwamba mshipa unaopeleka damu kwenye mapafu ulikuwa mwembamba kupita kawaida. Aliufungua upande wa kulia wa moyo, akapitisha kifaa chake chembamba, kikaingia moja kwa moja katika aota, mshipa mkuu ambao kwa kawaida huanzia upande wa kushoto. Ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya chini ulikuwa na tundu, na aota imekaa juu yake, ikipokea damu kutoka pande zote mbili. Kisha akaeleza jinsi mtoto huyo alivyoweza kukua tumboni akiwa na moyo wa namna hiyo: kabla ya kuzaliwa mapafu hayapumui, hivyo damu haina haja ya kupita humo kwa wingi, nayo hupata njia nyingine ya kuufikia mwili. Maelezo yake yalichapishwa Copenhagen mwanzoni mwa miaka ya 1670. Ilipita zaidi ya miaka 200, hadi mwaka 1888, ndipo daktari Mfaransa wa Marseille aitwaye Fallot alipoieleza kasoro hiyohiyo ya moyo kwa ukamilifu, nayo ikapewa jina la Fallot.

Leo tunajua mengi ambayo Stensen hakuweza kuyaona kwa macho. Katika juma la nne la mimba, mtoto akiwa na urefu wa milimita chache tu, pande za kile kitakachokuwa shingo hutokea vijongo kama matao, na ndani ya matao hayo hutayarishwa taya, misuli ya kutafuna, mifupa midogo ya sikio na koo. Uso hauchongwi kutoka pande moja kama kinyago. Huundwa na vipande vinavyoota kutoka juu na kutoka pembeni, vikasogea na kukutana katikati. Mdomo wa juu hukamilika karibu na juma la saba. Kaakaa hufuata, likifungwa kuanzia mbele kuelekea nyuma, hadi kufikia mwisho wa mwezi wa tatu. Kila mmoja wetu, hata yule mrembo kuliko wote kijijini, amewahi kuwa na mdomo uliopasuka kwa siku kadhaa kabla vipande havijakutana. Pale vinaposhindwa kukutana mtoto huzaliwa na mwanya. Mara nyingi mama wakati huo ndiyo kwanza anaanza kuhisi kwamba ni mjamzito. Sungura hausiki, wala laana ya bibi.

Hata mfereji wa mate alioupata Stensen una historia ya namna hiyo. Karibu na juma la sita chipukizi dogo hujitokeza ndani ya shavu, hukua kuelekea sikioni na kujigawa matawi kama mti. Mahali lilipotoka hubaki njia wazi, nayo ndiyo mfereji. Kwa maneno mengine, kifaa cha Stensen kilikuwa kikirudi nyuma katika njia ambayo tezi ilipita ilipokuwa ikikua. Lipo na jambo jingine la ajabu. Chembe zinazohama kutoka mgongo wa kiinitete kwenda kuujenga uso zina ndugu zao zinazoshuka hadi kwenye moyo na kusaidia kuigawanya mishipa mikubwa, aota upande mmoja na ule wa mapafu upande mwingine. Ndiyo maana madaktari wakikuta kasoro usoni mwa mtoto huusikiliza na moyo wake. Sidai kwamba hili ndilo lililomsibu mtoto wa Paris, kwa kuwa kasoro zake zilikuwa nyingi mno. Lakini Stensen alifanya vema kutoishia kwenye mdomo.

Kazi juu ya viumbe kabla ya kuzaliwa aliifanya mara kwa mara. Alichunguza kifaranga ndani ya yai, akaonyesha jinsi kiini cha yai kinavyounganishwa na utumbo wake. Mwaka 1669, mjini Innsbruck, alipasua ndama aliyekuwa na kichwa maji, akaeleza hali yake kama ugonjwa wa mwili unaostahili kuchunguzwa. Naye ndiye aliyetamka, mwaka 1667, kwamba viungo vya ndani vya mwanamke ambavyo vitabu vilivifananisha na korodani za mwanamume ni vifuko vya mayai. Maana yake ni kubwa: mama si shamba tu la kupokea mbegu ya mwingine.

Turudi kwenye safari yake. Mwaka 1666 alifika Italia, akapokelewa na Mtawala wa Toscana, Ferdinando wa Pili wa ukoo wa Medici, aliyemruhusu kufanya kazi katika hospitali ya Santa Maria Nuova mjini Firenze. Mwezi Oktoba wavuvi walimkamata papa mkubwa karibu na Livorno (namsema samaki, si Baba Mtakatifu), na kichwa chake kikapelekwa kwa Stensen. Alipoyatazama meno yake akayafananisha na mawe ya pembe tatu yaliyokuwa yakiokotwa milimani, ambayo watu waliyaita ndimi za mawe. Akahitimisha kwamba ni meno ya papa wa kale, na kwamba milima hiyo iliwahi kuwa chini ya bahari. Kutokana na kichwa hicho ilizaliwa elimu ya tabaka za miamba, ambayo misingi yake aliichapisha mwaka 1669. Wanajiolojia humwita baba yao; nawaachia wao wamsimulie.

Kilichokuwa kikimsumbua wakati huo kilikuwa kingine. Tarehe 24 Juni 1666, siku ya Sherehe ya Mwili na Damu ya Kristo, alikuwa Livorno akayatazama maandamano ya Ekaristi Takatifu yakipita barabarani, watu wakipiga magoti na kutupa maua. Yeye Mlutheri alibaki amesimama na wazo ambalo hakuweza kulifukuza: ama ile ni mkate tu, na watu hawa wamepotewa na akili; ama ni Mwili wa Kristo kweli, na kama ni hivyo, mbona yeye hasujudu? Mtu aliyezoea kufuata kila mfereji hadi mwisho wake hakuweza kuliacha swali hilo njiani. Alisoma Maandiko na Mababa wa Kanisa katika lugha za asili, akizilinganisha nakala za zamani kwa uangalifu uleule aliotumia mezani kwake.

Wanawake wawili walimsaidia kuliko maprofesa. Mmoja alikuwa Sista Maria Flavia del Nero, mtawa aliyesimamia duka la dawa la monasteri, ambako Stensen alikuwa akienda kwa shughuli zake. Huyu alizungumza naye juu ya imani na kumwombea bila kuchoka. Mwingine alikuwa Bibi Lavinia Arnolfini, mke wa balozi wa Lucca, aliyemweleza waziwazi kwamba muda wa kusitasita umekwisha. Tarehe 2 Novemba 1667, siku ya kuwakumbuka Marehemu wote, Stensen alifanya uamuzi, na baada ya siku chache akapokelewa katika Kanisa Katoliki. Haukupita muda ikafika barua ya Mfalme wa Denmark ikimwita arudi nyumbani kwa heshima na mshahara. Ingekuja mapema, pengine mambo yangekwenda vingine. Sasa alilazimika kujibu kwamba yeye ni Mkatoliki, katika nchi ambayo sheria yake haikuwataka Wakatoliki.

Alirudi Copenhagen mwaka 1672, chini ya mfalme mpya, akiwa mwanaanatomia wa mfalme. Mwanzoni mwa mwaka 1673 alifungua masomo yake kwa mwili wa mwanamke, akawaambia waliohudhuria kwamba uzuri wa vile tunavyoviona ni mdogo kuliko uzuri wa vile tunavyovielewa, na kwamba tusivyovielewa ni vizuri kupita vyote. Lakini dini yake ilimfanya mgeni katika mji wake, na mabishano hayakwisha. Mwaka 1674 akaondoka, na Pasaka ya mwaka 1675 akapewa Daraja Takatifu ya Upadre mjini Firenze.

Wapo waliosikitika kwamba mtu mwenye akili ile aliweka kisu chini akiwa na umri wa miaka 37. Leibniz, mwanafalsafa aliyekutana naye Hannover, alikuwa mmoja wao. Nami nakiri kwamba nikisoma maelezo yake juu ya mtoto wa Paris huwaelewa. Ila Stensen mwenyewe hakuona kwamba ameacha kitu; aliona ameitwa kutoka kwenye mwili hadi kwa mwenye mwili.

Mwaka 1677 Baba Mtakatifu Inosenti wa Kumi na Moja alimteua kuwa Vikari wa Kitume wa misioni za Kaskazini. Alikwenda Roma kwa miguu kama mhujaji, na tarehe 19 Septemba akawekwa wakfu kuwa Askofu na Kardinali Gregorio Barbarigo, ambaye leo ni Mtakatifu. Huko Ujerumani alikuwa na kundi dogo lililotawanyika katikati ya Walutheri, na pesa kidogo sana. Aliuza pete na msalaba wake wa kiaskofu ili kuwasaidia maskini. Alifunga hadi madaktari wakamwonya. Mtawala wa Hannover aliyekuwa Mkatoliki alipofariki, Stensen alihamia Münster mwaka 1680 kuwa Askofu Msaidizi, akitembelea parokia, akiwachunguza kwa makini vijana waliotaka upadre, jambo ambalo halikuwafurahisha wote. Mwaka 1683, uchaguzi wa Askofu mpya ulipoingiliwa na fedha, hakutaka kushiriki, akaondoka. Alikaa Hamburg, kisha akaenda Schwerin, akivaa kama padre maskini, akiishi kama padre maskini.

Hapo Schwerin maumivu makali ya tumbo yalimkamata, yatokanayo na vijiwe. Akiwa daktari, alijua kinachoendelea ndani yake. Padre aliyeitwa hakufika kwa wakati, na Askofu huyo, aliyewapelekea wengi sakramenti, alifariki bila Mpako wa Wagonjwa, akiwa kati ya waamini wachache waliomsomea sala. Ilikuwa tarehe 25 Novemba 1686 kwa kalenda ya huko, 5 Desemba kwa kalenda yetu, naye alikuwa na umri wa miaka 48. Vitu alivyoacha havikuzidi nguo chache zilizochakaa.

Mtawala Cosimo wa Tatu wa Toscana aliomba mwili wake, ukasafirishwa hadi Firenze na kuzikwa katika Basilika la San Lorenzo. Mwaka 1953 masalia yake yalihamishiwa katika jeneza la jiwe la Wakristo wa karne za kwanza, lililopatikana ndani ya mto Arno, na tarehe 23 Oktoba 1988 Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenye Heri. Ilikuwa imetimia miaka 100 tangu Fallot achapishe maelezo yake juu ya moyo ule. Jeneza hilo lipo hadi leo katika kikanisa kidogo kilichopewa jina la Stensen, ubavuni mwa basilika.